Mwanariadha Mchanga Si Kuruta

Yeyote apitaye alfajiri katika barabara za udongo mwekundu za Logiri, huko Vurra, kusini ya mji wa Arua, hukutana na watoto wakikimbia. Wengi wao hawakimbilii medali. Shule iko mbali, na kengele haimngoji mtu. Lakini siku nyingine huonekana pia kundi la vijana wa miaka 12 hadi 15 wakienda katika mistari miwili, na kando yao mtu mzima mwenye filimbi shingoni, ambaye kwa namna asimamavyo tu hutambulikana kuwa ni askari, hata kama hakuvaa sare. Vijana wenyewe humwita Afande. Ndiye mwalimu wao wa mbio.

Sisi twaanza kwa kumpa afande huyu heshima yake. Hakuna amlipaye kwa kazi hiyo. Akitoka lindo, badala ya kulala au kwenda kukaa penye pombe, huchukua filimbi yake akaenda uwanjani kwa watoto wa watu. Wala hilo si jambo geni katika Uganda, kwa maana tangu zamani michezo ya nchi hii imelelewa kambini na vituoni. John Akii-Bua, aliyepata dhahabu ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972, alikuwa polisi. Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini London mwaka 2012, alikuwa askari wa Magereza. Joshua Cheptegei, aliyeshinda mita 5000 katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, ni afisa wa Polisi. Atakayeandika historia ya michezo ya Uganda akawaacha nje watu wa sare, atakuwa ameacha nje nusu ya historia yenyewe.

Kwa hiyo maneno tutakayoyasema hapa twamwambia mtu ambaye twamhitaji, na ambaye hatungependa atupe filimbi yake.

Alasiri moja ya mwezi wa Februari, jua likiwa bado kali, tulisimama kando ya uwanja mmoja huko Logiri tukitazama mazoezi. Vijana walikuwa kama kumi na watano. Waliuzunguka uwanja mara kumi, kisha mvulana aliyefika wa mwisho akatolewa mbele ya wenzake, akaamriwa aruke kichura mara thelathini. Akaruka. Alipofika kama ya ishirini alishika goti, akaambiwa asijidekeze. Kisha kundi zima likaanza mizunguko mingine, naye akiwa pamoja nao, akichechemea. Katika muda wote huo hatukuona aliyekunywa maji. Mazoezi yalipokwisha tulimwendea afande, tukamwuliza kwa adabu kama mvulana yule hakuumia. Akatujibu kwa uso mkunjufu, bila ya hasira yoyote: "Mimi nilifundishwa hivi hivi, na sikufa."

Jawabu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu, kwa sababu twajua kuwa si la mtu mmoja. Askari wengi wanaofundisha vijana, katika West Nile na kwingineko, wangelijibu vivyo hivyo, na wangelijibu kwa moyo safi. Wanawapa watoto kile kile walichopewa wao.

Ni kweli kwamba afande hakufa. Lakini na tukumbuke alikuwa nani wakati ule. Alipoingia depo, iwe ni Kabalye kwa polisi au Kaweweta kwa mwanajeshi, alikuwa amekwisha kutimiza miaka 18. Mwili wake ulikuwa umemaliza sehemu kubwa ya kukua. Alipimwa kabla ya kupokelewa, na waliokutwa na kasoro wakarudishwa makwao. Tena kazi yake ya mchana kutwa ilikuwa ni mafunzo tu. Hakuwa na maji ya kuteka, wala mbuzi wa kuchunga, wala mwendo wa kwenda shule na kurudi.

Hata shabaha ya depo ni nyingine kabisa. Depo hutengeneza kikosi. Yapasa wote waende kwa mwendo mmoja, wa nyuma asogee mbele, na kazi imalizike kwa miezi michache. Mwalimu wa mbio hatengenezi kikosi. Mbele yake wako watoto ambao kila mmoja anakua kwa wakati wake. Chukua wavulana wawili wa miaka 13, mmoja amekwisha kubalehe na mwingine bado. Yule wa kwanza atamshinda mwenziwe katika mbio, katika kuruka, na hata katika mpira, naye ataitwa hodari. Baada ya miaka mitatu mwingine naye atakuwa amepata kimo chake na pumzi zake, na pengine atampita. Atampita ikiwa bado yumo uwanjani. Lakini mtoto aliyerushwa kichura mbele ya wenzake kila siku kwa kosa la kuchelewa kukua, ataacha uwanja akatafute mchezo mwingine usio na afande.

Na goti lile? Mfupa wa mtoto si sawa na mfupa wa mtu mzima. Karibu na ncha zake lipo tabaka laini la gegedu, na hapo ndipo mfupa unapoongezeka urefu. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe. Mtoto anapokuwa katika miaka ya kurefuka ghafula, mifupa hutangulia, misuli na kano hubaki nyuma zikivutika kama uzi wa upinde, na mvuto wote huangukia pale zilipojishikiza. Ndiyo sababu vijana wengi wa umri huo huumwa chini kidogo ya pia ya goti, mahali ambapo hata pengine hutokea nundu, au huumwa kisigino. Daktari akiwaona huwapunguzia mazoezi, maumivu yakaisha kadiri wanavyokua. Kuruka kichura, goti likiwa limekunjwa mpaka mwisho na uzito wote wa mwili ukiwa juu yake, ni kuvuta pale pale panapouma. Mvulana yule hakuwa akijidekeza.

Tungependa adhabu hii iondoke kabisa katika viwanja vya watoto, pamoja na ndugu yake kiboko. Bunge la Uganda lilikwisha kupiga marufuku adhabu za viboko shuleni katika sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016, na polisi wasomao ukurasa huu waijua sheria hiyo kuliko sisi. Haifai uwanja wa mbio uwe mahali pa kukwepea sheria.

Tunajua ipo hadithi moja ipendwayo sana kwenye mesi, nayo hutolewa kila mara mtu anaposema kuwa vijana wanakazwa mno. Ni hadithi ya Akii-Bua na fulana yake nzito. Husimuliwa jinsi alivyokuwa akiruka viunzi katika mazoezi huku amevaa fulana iliyotiwa uzito, raundi baada ya raundi, mpaka alipofika Munich mwili wake ukawa mwepesi kama unyoya. Hadithi ni ya kweli. Tarehe 2 Septemba 1972 aliwekwa katika njia ya kwanza, ile ya ndani ambayo kona zake ni kali na ambayo wakimbiaji hawaitaki, naye akamaliza mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Hakuna mtu aliyekuwa amepata kuzikimbia chini ya sekunde 48 kabla yake.

Lakini wasimuliaji huacha sehemu moja. Akii-Bua wa fulana nzito alikuwa na umri wa miaka 22. Alikuwa amefundishwa kwanza viunzi katika Polisi na Jorem Ochana, ambaye naye alikuwa mruka viunzi, kisha akafundishwa na Malcolm Arnold, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa taifa. Miaka miwili kabla ya Munich alikuwa amekwisha kushika nafasi ya nne katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh. Uzito ule uliwekwa juu ya miaka ya kazi, tena juu ya mwili wa mtu mzima, na mwalimu akihesabu. Sasa sisi tumeona kwa macho yetu mvulana wa darasa la sita akikimbia kupanda mlima na mfuko wa mchanga mgongoni, na wengine wakikimbizwa katika mabuti ya askari yenye kuwazidi miguu, kwa jina la Akii-Bua. Marehemu asingelikubali.

Watu wa Vurra hasa hawana haja ya kutafuta mfano mbali. Dorcus Inzikuru alizaliwa huko huko Vurra mwaka 1982. Mwaka 2000, mjini Santiago katika nchi ya Chile, alipata ubingwa wa dunia wa vijana katika mita 5000. Mwaka 2005, mjini Helsinki, wanawake walipokimbia kwa mara ya kwanza mita 3000 kuruka viunzi na maji katika mashindano ya ubingwa wa dunia, akashinda kwa dakika 9 na sekunde 18.24, nayo ikawa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika mashindano hayo. Mwaka uliofuata akashinda tena katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Tazama tarehe hizo. Kati ya ushindi wa Santiago na ule wa Helsinki ni miaka mitano mizima, na mbio zenyewe zilibadilika. Angalifungwa katika mbio moja tangu utotoni na kukamuliwa nguvu zote akiwa na miaka 15, nani ajuaye kama Helsinki angeliiona?

Kwa kijana atakaye kumfuata Inzikuru katika viunzi tuna neno dogo. Kizuizi cha wanawake kina kimo cha sentimita 76.2, nao huviruka mara 28, na maji mara 7. Hicho si kimo cha kuanzia. Gogo lisilopita muundi wa mguu, lililolazwa penye majani na wala si penye changarawe, latosha kwa mwaka wa kwanza. Mtoto na ajifunze kulifikia bila ya kupunguza mwendo na kulivuka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Kimo kitakuja chenyewe.

Sasa afande atauliza, afanye nini basi? Atuwie radhi tukianza na hesabu. Madaktari wanaoshughulika na michezo ya watoto wana kipimo chepesi: saa za mazoezi katika wiki moja zisizidi miaka ya mtoto. Wa miaka 13 asizidi saa 13, michezo yote ikiwa ndani ya hesabu. Kwa mtoto wa Logiri, ambaye hutembea kwenda shule, hulima na kuteka maji, sisi twaona hata nusu ya hizo ni nyingi. Siku tatu katika wiki zamtosha, kwa mfano Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na siku moja isiwe na mchezo wowote wa kupangwa. Siku ya kazi ngumu ifuatwe na siku nyepesi. Na umbali uongezwe kidogo kidogo. Walimu wengi hushika kanuni ya sehemu moja katika kumi kwa wiki, yaani aliyekimbia kilomita kumi wiki hii akimbie kumi na moja wiki ijayo, asirukie ishirini kwa sababu mashindano ya wilaya yamekaribia.

Mwendo nao? Hapa askari anacho chombo ambacho mwalimu wa kiraia hana, nacho ni mchakamchaka. Wimbo wa mchakamchaka ni kipimo kizuri kuliko saa. Vijana wakiweza kuimba na kuitikia, mwendo ni wa kujenga pumzi. Wimbo ukikatika vinywani, mwendo umezidi. Sehemu kubwa ya mbio za mtoto ziwe mbio za kuimbika. Zile za kasi ziwe fupi, chache, na zije mwili ukiwa umepashwa moto. Kwa hili la kupasha mwili twasisitiza, maana twaona watoto wengi wakitolewa darasani wakaambiwa "haya, mita mia!" Kwanza waende mbio za pole dakika kama kumi, wazungushe viungo, waruke ruka, ndipo kasi. Kwa wanaocheza mpira, ambao Arua ndio walio wengi, hasa tangu Onduparaka ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2016 na kila mvulana akataka kuwa mchezaji wake, iko programu ya FIFA iitwayo 11+. Ni dakika 20 za kukimbia, kusimama kwa mguu mmoja, kuimarisha mapaja na kiuno, na kujifunza kutua chini baada ya kuruka. Haitaki chombo chochote ila mpira, na imethibitika kwamba hupunguza majeraha. Pushapu na mazoezi mengine ya kunyanyua mwili wenyewe hayana ubaya kwa mtoto. Ubaya uko katika idadi isiyo na kikomo na katika kuyafanya kuwa adhabu.

Kuhusu jua, hatuna budi kukumbusha yaliyotokea Kampala tarehe 26 Machi 2017, katika mbio za nyika za ubingwa wa dunia zilizofanyika Kololo. Cheptegei, wakati huo kijana wa miaka 20, alikuwa ametangulia mbali mbele ya wote, na nchi nzima ikishangilia, alipoishiwa nguvu katika mzunguko wa mwisho. Miguu ilikataa, akayumba kama mlevi, akapitwa na mtu baada ya mtu, akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye, mjini Aarhus, alishinda mbio hizo hizo. Tumelitaja jambo hili kwa kuwa aliyepatwa nalo ni mtu mzima, hodari, aliyetayarishwa vizuri kuliko wengi. Ikiwa mwendo mkali mno na joto la nyumbani vyaweza kumwangusha huyo, itakuwaje kwa mtoto wa miaka 13 katika jua la Arua la Januari na Februari?

Basi katika miezi hiyo mazoezi yafanywe asubuhi mapema au jua likipoa. Maji yawepo uwanjani, jerikeni moja safi na vikombe, na watoto wanywe kabla, katikati na baada. Ile imani ya kuwa maji katikati ya mazoezi hulegeza askari ni ya zamani na ni ya hatari. Mtoto akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akiyumba huku mwili unawaka, hilo si jambo la kusubiri. Avuliwe nguo za juu, awekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa papo hapo, huku njia ya kumfikisha hospitali ikitafutwa.

Yako mambo yasiyoonekana uwanjani ambayo huamua mbio kabla hazijaanza. La kwanza ni malaria. West Nile ni miongoni mwa sehemu za Uganda zenye malaria nyingi, na ugonjwa huo hula damu. Mtoto mwenye homa asikimbie hata hatua moja. Apelekwe kupimwa, ameze dawa zote, kisha arudi uwanjani kwa kutembea kwanza na mbio za pole, mpaka rangi na nguvu zimrudie. Mwalimu aonapo kijana aliyekuwa mbele mwezi uliopita sasa anahema na kubaki nyuma, asimwite mvivu. Na atazame kope za ndani na viganja vyake. Vikiwa vyeupe, shida ni damu.

Chakula hufuatana na hilo. Muhogo hushibisha na kutia nguvu, lakini peke yake haujengi misuli wala damu. Uandamane na maharage au kunde, na mboga za majani, na simsim au njugu, na dagaa kila wanapopatikana. Chai ya majani inywewe mbali na chakula, kwa maana huzuia mwili usipate madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Embe, kinyume chake, husaidia, na Mungu hakutunyima maembe. Usingizi nao ni sehemu ya mazoezi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10 za usiku. Afande amwamshaye mtoto saa kumi alfajiri, ilhali mtoto huyo alikuwa akisoma mpaka saa tano usiku, anamnyang'anya kwa mkono mmoja kile anachompa kwa mwingine.

Kwa wasichana twasema wazi, ingawa ni jambo ambalo wanaume hulionea haya. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo, akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo huku anafanya mazoezi makali, aonwe na mganga, na chakula chake kiongezwe. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba anatumia nguvu kuliko anazokula, na mifupa yake inaanza kulipa deni. Asiambiwe apunguze uzito ili awe mwepesi. Tena awepo mwanamke mzima karibu na mazoezi hayo, mwalimu wa kike au mama mmoja wa kijiji. Mwalimu asibaki na msichana peke yake chumbani, wala asisafiri naye wawili peke yao, wala asimtumie ujumbe wa siri kwenye simu. Kwa sheria ya Uganda aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Askari anapokuwa pia ndiye achaguaye nani ataenda mashindanoni, nguvu aliyo nayo juu ya msichana ni kubwa mno, na wazazi wa Logiri hawatawatoa binti zao mahali ambapo jambo hili halikuwekwa wazi tangu siku ya kwanza.

Wapo watakaotuuliza juu ya ngumi, kwa kuwa ngumi ni mchezo wa kambini, na Uganda ilikwisha kupata medali zake kwa ngumi tangu Mexico mwaka 1968. Tutasema moja tu. Mvulana aliyepigwa kichwani akaona nyota, akasahau alipo, au akatapika, pambano lake limekwisha siku hiyo, hata kama anasimama na kusema yuko tayari. Asivae glovu tena mpaka aonwe na daktari na dalili zote ziishe. Ushujaa hauhusiki hapo.

Liko pia lile jambo la umri, ambalo watu hulicheka. Katika mashindano ya vijana huletwa kijana mwenye ndevu akaandikwa miaka 14. Mwalimu hupata kikombe. Lakini mtoto wa kweli wa miaka 14, aliyeshindwa na mtu mzima, hurudi nyumbani akiamini kuwa hafai. Na kuna udanganyifu wa upande wa pili, wa kumwongezea mtoto miaka ili akimbie mbio ndefu za watu wazima zenye zawadi za fedha. Shirikisho la riadha la dunia halimruhusu hata kijana wa miaka 18 au 19 kukimbia marathoni katika ubingwa wa dunia. Sisi ni nani basi tumpeleke wa 16 akakimbilie shilingi barabarani?

Tumalizie kwa wakubwa wa vituo na makamanda, kwa maana afande peke yake hawezi yote. Kwanza, aliyejitolea kufundisha watoto apangiwe zamu zinazomwachia jioni tatu katika wiki, zile zile kila wiki, ili watoto wasije uwanjani wakakuta hayupo. Pili, apelekwe kozi ya ualimu wa riadha au mpira inapotokea, hata kama si mkimbiaji wa timu ya jeshi. Tatu, apewe daftari. Kila kituo cha polisi kina daftari la matukio, na hakuna polisi asiyejua kuliandika. Daftari la uwanjani liwe na ukurasa mmoja kwa kila kijana: alizaliwa lini, alikimbia nini leo, alilala saa ngapi, alikuwa na homa lini, anaumwa wapi. Mganga wa zahanati ya karibu alitazame mara moja kwa mwezi. Na yule mvulana wa Februari ndiye awe wa kwanza kuandikwa, pamoja na goti lake.